Alama Mbili, Neno Moja: Ukaguzi wa Usalama wa Mtutu wa Gobore Usio na Alama na Mahitaji ya Istilahi katika Sera za Silaha Afrika Mashariki

Ikisiri

Mtutu wa gobore la kale usio na alama huzua maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: silaha hii ni ya nani, na je, mtutu wake unaweza kuhimili mshindo wa baruti? Makala haya yanaeleza jinsi swali la pili linavyojibiwa, kuanzia hatua ya kuhakikisha kwamba silaha haikushindiliwa hadi jaribio linalofanywa na taasisi yenye mamlaka. Hoja kuu ni kwamba kila hatua ya ukaguzi inaweza kuukataa mtutu, lakini hakuna hatua ya macho wala ya kipimo inayoweza peke yake kuuidhinisha. Kwa kuzingatia hoja hiyo, makala yanabainisha hatari ya neno *alama* linapobeba dhana mbili tofauti katika nyaraka za sera, na kupendekeza istilahi mbili za kuzitenganisha: *alama ya utambulisho* na *alama ya uhimilivu*. Msomaji anayelengwa ni mtafiti, mshauri wa sera na mhifadhi wa mambo ya kale jijini Kigali na katika ukanda mzima wa Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Tangu Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, haja ya kuandika nyaraka za usalama, forodha na urithi wa utamaduni kwa lugha hii imeongezeka. Nyaraka hizo haziwezi kutegemea ufasaha wa jumla pekee. Katika baadhi ya nyanja, neno moja lenye maana mbili linaweza kumgharimu mtu mkono, jicho au uhai. Nyanja ya silaha za kale ni mojawapo.

Gobore, ambalo wengine huliandika *gobori* au *gobole*, ni bunduki inayoshindiliwa kwa mbele: baruti hutangulia mdomoni mwa mtutu, kisha kizibo cha kitambaa au nyuzi, kisha risasi au marisau, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Katika sehemu za Tanzania na mashariki mwa Kongo silaha hii ingali mikononi mwa wawindaji na wakulima wanaolinda mashamba yao dhidi ya nguruwe pori na nyani. Jijini Kigali mazingira ni tofauti. Humiliki silaha bila kibali, na mtutu wa kale huweza kuonekana katika ghala la familia, katika stoo ya misheni au katika mkusanyo wa makumbusho. Hata hivyo, swali linaloulizwa ni lile lile: je, chuma hiki ni salama?

Makala haya hayamwelekezi mtu binafsi ajaribu silaha. Kwa mtu aliyeko Rwanda anayekutana na mtutu wa aina hii, wajibu wa kwanza ni kuacha kuugusa na kuiarifu polisi. Yanayofuata yanahusu kazi ya wataalamu waliopewa mamlaka, pamoja na yale ambayo mshauri wa sera anapaswa kuyafahamu kabla ya kuandika kanuni inayowahusu.

2. Mitutu isiyo na alama imetoka wapi?

Wingi wa magobore katika ukanda huu una historia yake. Katika miaka ya 1880 bunduki kwa makumi ya maelfu zilipitia Zanzibar na kusafirishwa bara kwa njia za misafara, kupitia Tabora na Ujiji hadi maeneo ya Maziwa Makuu. Nyingi zilikuwa silaha zilizopitwa na wakati Ulaya: bunduki za majeshi zilizouzwa kwa bei ya chini, pamoja na bunduki za gumegume zilizotengenezwa mahususi kwa biashara ya Afrika katika miji kama Birmingham na Liège.

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulibadili mkondo wa biashara hiyo bila kuikomesha. Katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, mkataba ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa, lakini uliacha mlango wazi, kwa masharti, kwa bunduki za gumegume zenye mtutu usio na mifereji pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Matokeo yake ni kwamba silaha dhaifu zaidi kiufundi ndiyo iliyoruhusiwa kuenea na kudumu. Wapiganaji wengi wa Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, waliozikabili bunduki za kisasa na bunduki za rashasha za Wajerumani, walikuwa na magobore.

Kwa muktadha huo, mtutu usio na alama unaookotwa leo unaweza kuwa wa mojawapo ya makundi matatu. Kundi la kwanza ni mitutu ya Ulaya ambayo alama zake zimeliwa na kutu, zimefutwa kwa msasa au zimefichwa na mti wa bunduki. Kundi la pili ni mitutu iliyofuliwa na wahunzi wa ukanda huu, ambayo haikuwahi kupitia chombo chochote cha majaribio. Kundi la tatu ni mitutu ya mkorogo: bomba la maji lililozibwa nyuma, au mtutu wa silaha nyingine uliokatwa na kutobolewa upya. Kwa macho, makundi haya hufanana. Kutu ya miaka mitano katika nyumba yenye unyevu huweza kuonekana kama kutu ya karne nzima.

Mfanano huo una uzito wa kisheria pia. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto inaziachia nchi zieleze katika sheria zao silaha ya kale ni ipi, ila inasisitiza kwamba silaha iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kuhesabiwa kuwa ya kale. Mtutu usio na alama hauwezi kujitetea kwa umri ambao hakuna anayeweza kuuthibitisha.

3. Alama mbili zenye kazi tofauti

Alama zinazogongwa juu ya chuma cha bunduki zina asili mbili.

Asili ya kwanza ni majaribio. Kampuni ya Watengeneza Bunduki ya London ilipata hati yake ya kifalme mwaka 1637. Liège ilianza kuwa na utaratibu rasmi wa kujaribu mitutu mwaka 1672, na Nyumba ya Majaribio ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Katika taasisi hizi mtutu ulishindiliwa baruti kupita kiasi cha matumizi ya kawaida, ukafyatuliwa ukiwa umefungiwa mahali salama, kisha ukakaguliwa upya. Ule uliobaki mzima uligongwa alama: herufi ELG kwa Liège, au taji na fimbo za kifalme zilizopishana kwa Birmingham. Mwaka 1914 lilianzishwa shirika la kimataifa la kuoanisha majaribio haya, linalojulikana kwa kifupi cha Kifaransa CIP, ambalo mfumo wake wa sasa umejengwa juu ya mkataba wa Brussels wa mwaka 1969. Miongoni mwa wanachama wake hakuna nchi ya Afrika Mashariki.

Asili ya pili ni utambulisho. Mkataba wa 1890 uliotajwa hapo juu uliagiza kwamba silaha iliyotolewa kwa mtu binafsi kwa ruhusa iandikishwe na kutiwa alama na mamlaka ya usimamizi, na kwamba kibali chake kionyeshe alama hiyo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Rwanda ikiwemo, ilizitaka nchi wanachama ziweke alama katika silaha ndogo: jina la mtengenezaji, nchi au mahali pa utengenezaji na namba ya silaha, pamoja na nchi na mwaka wa kuingizwa pale silaha inapotoka nje. Kituo cha Kikanda cha Silaha Ndogo, RECSA, chenye makao yake Nairobi, kimekuwa mhimili wa utekelezaji wa kazi hiyo.

Alama ya asili ya kwanza husema: *chuma hiki kilihimili*. Alama ya asili ya pili husema: *chuma hiki kinajulikana*. Ya pili haisemi lolote kuhusu nguvu ya chuma. Lakini zote mbili ni herufi na namba zilizogongwa juu ya mtutu, na katika Kiswahili cha kawaida zote huitwa *alama*. Mkulima ambaye gobore lake limeandikishwa na kugongwa namba na ofisa wa serikali ana sababu ya kuamini kwamba serikali imeliona na kuliridhia. Hajadanganywa na mtu. Neno ndilo lililompotosha.

Mfano wa karibu ni mtungi wa gesi ya kupikia. Juu yake huwa na namba ya kuutambulisha pamoja na maandishi yanayoonyesha shinikizo ulilojaribiwa nalo na tarehe ya jaribio. Hakuna mkaguzi anayeweza kukubali namba ya mtungi badala ya tarehe ya jaribio. Katika gobore kosa hilo hutendeka bila kutambuliwa, kwa kuwa hakuna msamiati unaolizuia.

4. Kwa nini mtutu hupasuka

Baruti inapowaka hugeuka kuwa gesi moto inayosukuma pande zote kwa wakati mmoja. Risasi huondoka kwa sababu ndiyo upande pekee unaoweza kusogea. Kuta za mtutu na kizibo cha nyuma hubaki kuustahimili msukumo huo.

Kwa makadirio, mkazo ndani ya ukuta wa mtutu ni sawa na shinikizo la gesi likizidishwa kwa nusukipenyo cha tundu na kugawanywa kwa unene wa ukuta. Kanuni hii hufaa zaidi kwa ukuta mwembamba, lakini inatosha kuonyesha hatari ilipo. Chukua mtutu wenye tundu la kipenyo cha mm 18, yaani nusukipenyo cha mm 9, na ukuta wa mm 6. Mkazo wake ni mara 1.5 ya shinikizo. Kutu ikila mm 2, ukuta unabaki mm 4 na mkazo unafika mara 2.25. Ikila mm 3, mkazo unafika mara 3, yaani umekuwa maradufu, ilhali kwa nje mtutu haujabadilika hata kidogo. Tena, shimo la kutu lenye kingo kali hukusanya mkazo mahali pamoja, kwa hiyo hali halisi huwa mbaya kuliko hesabu hii.

Kutu yenyewe haishambulii mtutu kwa usawa. Masalia ya baruti yana chumvi zinazofyonza unyevu wa hewa, na bunduki isiyosafishwa vizuri hubaki na masalia mengi zaidi sehemu ya nyuma. Hapo ndipo shinikizo huwa kubwa zaidi wakati wa kufyatua. Katika mji kama Kigali, wenye misimu miwili ya mvua, Itumba na Umuhindo, silaha iliyolazwa kwenye dari au chini ya kitanda hupata unyevu wa kutosha kila mwaka kuendeleza kazi hiyo kimyakimya.

Visababishi vingine vinajulikana. Risasi isiyofika hadi kwenye baruti huacha nafasi kati yake na shehena, na mtutu huweza kuvimba au kupasuka mahali risasi ilipokwama. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi, ikitiwa katika silaha iliyoundwa kwa baruti nyeusi, hujenga shinikizo ambalo chuma cha kale hakikukusudiwa kulibeba. Kizibo cha nyuma, ambacho katika mitutu bora hukazwa kwa hesi, katika mitutu ya mkorogo huweza kuwa kimegongelewa au kuchomelewa tu. Kikiachia, huelekea usoni mwa mfyatuaji.

5. Hatua za ukaguzi

5.1 Kuhakikisha kwamba mtutu ni mtupu

Kila gobore huchukuliwa kuwa limeshindiliwa hadi ithibitike vinginevyo. Baruti nyeusi iliyohifadhika bila kulowa haipotezi uwezo wake wa kuwaka kwa sababu ya umri, na silaha zenye shehena ya miaka mingi zimewahi kugunduliwa katika mikusanyo ya makumbusho.

Mkaguzi huelekeza mdomo wa mtutu upande usio na mtu, wala haweki uso wala kiganja mbele yake. Huingiza ufito wa mti, si wa chuma kinachoweza kutoa cheche, hadi ugote, kisha huutia alama mahali unapokutana na mdomo wa mtutu. Ufito huo ukilazwa juu ya mtutu kwa nje, ncha yake inapaswa kufika karibu na tundu la mwasho. Ukiishia mbali nalo, kuna kitu ndani. Kwa kuwa baadhi ya mitutu ina chumba chembamba sehemu ya nyuma kinachoweza kuuzuia ufito, matokeo yenye shaka huhesabiwa kuwa ishara ya hatari.

Ikibainika au ikishukiwa kwamba kuna shehena, ukaguzi husimama. Kazi huhamia kwa wataalamu wa milipuko wa vyombo vya usalama. Kupuliza mtutu kwa mdomo, kuupasha moto ili kulegeza kutu, kutoboa au kuchomelea ni njia za uhakika za kuugeuza ukaguzi kuwa msiba. Tahadhari hii inawahusu hasa mafundi wa vyuma. Fundi stadi wa kuchomea katika Agakiriro ka Gisozi anaweza kutengeneza geti lisilo na dosari, lakini ustadi huo haumwonyeshi kilichomo ndani ya bomba lililoletwa na mteja.

5.2 Kutafuta alama mahali zinapofichwa

Alama nyingi za majaribio za Ulaya ziligongwa sehemu ya nyuma ya mtutu, mara nyingi upande wa chini unaofunikwa na mti. Mtutu hauwezi kuitwa *usio na alama* kabla haujatenganishwa na mti wake na kutazamwa kwa lenzi, chini ya mwanga wa ubavuni unaotoa vivuli. Kutu hulainishwa kwa mafuta na kuondolewa kwa kitambaa. Tupa, msasa na mashine ya kusagia hazifai, kwa kuwa hufuta ushahidi na kupunguza unene wa ukuta kwa pamoja.

Alama ikipatikana, bado haimalizi swali. Inathibitisha kwamba mtutu ulihimili jaribio siku ile, ukiwa na unene ule na kwa aina ile ya baruti. Nchini Uingereza, Sheria ya Majaribio ya Mitutu ya mwaka 1868 na taratibu zilizoifuata zimeshikilia kanuni kwamba mtutu uliopunguzwa au kubadilishwa baada ya jaribio haulindwi tena na alama yake.

5.3 Ukaguzi wa nje

Mkaguzi hutafuta nyufa, uvimbe, mbonyeo, na dalili za kuchomelewa au kuzibwa kwa shaba. Rula iliyonyooka ikilazwa juu ya mtutu hufichua uvimbe usioonekana kwa jicho. Kipenyo cha nje hupimwa kwa kalipa kila baada ya mm 50, mara mbili kila mahali, kipimo cha pili kikivuka cha kwanza kwa pembe mraba. Mtutu uliotanuka mahali fulani umekwisha kushindwa mara moja. Haupaswi kupewa nafasi ya pili.

Mitutu iliyofuliwa kwa kukunja bamba la chuma ina mshono wa urefu wote, na ile iliyosokotwa kwa vipande vya chuma ina mishono mingi ya mzunguko. Mshono si kasoro kwa asili yake, lakini ndipo takataka za uhunzi hubaki, na kutu huweza kupenya humo bila kuonekana juu.

5.4 Ukaguzi wa ndani

Kamera ndogo ya kukagua mabomba hupitishwa hadi nyuma. Kinachotafutwa ni mashimo ya kutu, pete ya uvimbe, nyufa kuzunguka tundu la mwasho na ukamilifu wa kizibo. Kifa kilichopanuka au kulegea huruhusu gesi moto kurudi usoni mwa mfyatuaji. Kipenyo cha ndani hupimwa pia, ili unene wa ukuta ujulikane kwa hesabu na kulinganishwa pande zote. Tundu lililotobolewa upogo huacha upande mmoja mwembamba kuliko mwingine.

5.5 Vipimo visivyoharibu

Pale vyombo vinapokuwepo, rangi ya kupenya hufichua nyufa zinazofika juu, chembe za sumaku hufichua zile zilizo karibu na uso wa chuma, mawimbi ya sauti hupima unene, na eksirei huonyesha mapengo ya ndani. Vyombo vya aina hii hutumika viwandani kukagua mabomba ya mvuke na viungo vya kuchomelea. Kwa hiyo, ujuzi wa kiufundi unaohitajika si mgeni katika fani ya uhandisi. Kinachokosekana ni utaratibu unaouhusisha na silaha za kale.

6. Jaribio la uhimilivu na mipaka yake

Mtutu uliopita hatua zote hizo haujathibitika kuwa salama. Umethibitika tu kwamba hauna kasoro iliyoonekana. Hapa ndipo mantiki ya ukaguzi mzima ilipo: kila hatua ina uwezo wa kusema *hapana*, na hakuna hata moja yenye uwezo wa kusema *ndiyo*. Jibu la kukubali linatokana na jaribio la kufyatua kwa shehena iliyozidishwa, likifuatiwa na ukaguzi mpya, chini ya taasisi inayowajibika kwa hukumu yake.

Watu wengi huliona jaribio hilo kuwa jambo jepesi: funga gobore kwenye gurudumu, vuta kamba ukiwa mbali, na likibaki zima limefaulu. Fikra hiyo ina kasoro mbili kubwa. Kwanza, shehena iliyozidishwa inaweza kuanzisha ufa bila kuukamilisha. Mtutu hubaki mzima machoni, kisha hupasuka kwa shehena ya kawaida mikononi mwa mtu. Ndiyo maana katika nyumba za majaribio ukaguzi wa baada ya jaribio una uzito sawa na jaribio lenyewe, na Birmingham ya mwaka 1813 ilikuwa na alama moja kwa jaribio na nyingine kwa ukaguzi. Pili, kiasi cha shehena ya jaribio hutegemea kipenyo, aina ya silaha na aina ya baruti kwa mujibu wa majedwali ya taasisi. Anayekisia hajui kama amejaribu pungufu au amejaribu kupita kiasi.

Kujaza mtutu maji yenye shinikizo hakuchukui nafasi ya jaribio hilo. Shinikizo la maji hupanda polepole na bila joto, tofauti na mshindo wa baruti. Maji yanaweza kuufichua mtutu unaovuja, lakini hayauhalalishi ule usiovuja.

Kwa kuwa ukanda huu hauna taasisi iliyo chini ya mfumo wa CIP, hitimisho la kiutendaji ni moja: mtutu usio na alama ya majaribio haufai kufyatuliwa. Unaweza kuhifadhiwa kama kielelezo cha historia baada ya kuondolewa uwezo wa kufyatua kwa mujibu wa sheria, au kukabidhiwa kwa mamlaka ili uharibiwe. Kwa makumbusho, uamuzi huo hauondoi thamani ya kitu. Mtutu uliofuliwa na mhunzi wa ukanda huu hueleza mengi kuhusu ufundi na biashara ya karne ya 19 bila kufyatuliwa hata mara moja.

7. Istilahi na sera

Uchambuzi huu unaonyesha kwamba tatizo la mtutu usio na alama ni la kiufundi na la kiistilahi kwa pamoja. Istilahi mbili zinapendekezwa.

*Alama ya utambulisho* itumike kwa namba, herufi au muhuri wowote unaogongwa ili silaha ifuatiliwe: jina la mtengenezaji, namba ya silaha, nchi na mwaka wa kuingizwa.

*Alama ya uhimilivu* itumike kwa muhuri unaotolewa na taasisi yenye mamlaka baada ya mtutu kujaribiwa na kukaguliwa. Neno *ithibati* lingeweza kufikiriwa, lakini katika Kiswahili cha leo limekwisha kushikamana na utambuzi rasmi wa vyuo na maabara. *Uhimilivu*, lenye asili yake katika kitenzi *himili*, linataja kile hasa kilichopimwa, na msomaji wa kawaida hulielewa bila kamusi. Vilevile, kwa jaribio lenyewe, *jaribio la uhimilivu* linafaa zaidi kuliko *ukaguzi*, kwa kuwa ukaguzi ni wa macho na vipimo tu.

Kutokana na istilahi hizo, mambo manne yanaweza kuingizwa katika miongozo ya nchi za ukanda huu.

Kwanza, kila hati inayotolewa baada ya silaha kugongwa namba ibebe sentensi moja iliyo wazi: *Alama hii ni ya utambulisho. Haithibitishi kwamba silaha ni salama kufyatuliwa.* Gharama yake ni wino tu.

Pili, maofisa wanaoandikisha au kupokea magobore wafunzwe hatua ya 5.1 kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kuyashika.

Tatu, mahali pa kugonga alama ya utambulisho paamuliwe kwa uangalifu. Kugonga kwa nguvu juu ya mtutu mwembamba ulioliwa na kutu ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Na kugonga juu ya alama ya kale ni kuua ushahidi wa asili yake. Rejesta ya picha na vipimo iambatane na alama hiyo.

Nne, taasisi za urithi, vyombo vya usalama na vyuo vya uhandisi viwe na utaratibu wa pamoja wa kupokea mitutu ya kale, ili mhifadhi asilazimike kumtegemea fundi wa mtaani kwa swali ambalo fundi huyo hana vyombo vya kulijibu.

8. Hitimisho

Mtutu usio na alama ni chuma kisicho na shahidi. Ukaguzi wa makini unaweza kufichua maovu yake mengi: shehena iliyosahauliwa, kutu ya nyuma, mshono uliofunguka, kizibo kilichochomelewa. Hauwezi kumtengenezea shahidi ambaye hakuwahi kuwepo. Kwa sababu hiyo, kanuni inayolinda maisha ni ile inayokataa kufyatua hadi taasisi yenye mamlaka iseme vinginevyo.

Kwa upande wa lugha, Kiswahili kinapozidi kuwa chombo cha utawala Kigali, Dodoma, Nairobi na Kampala, watunga istilahi wana wajibu ulio sawa na wa mkaguzi wa mtutu: kutafuta ufa kabla ya mshindo. Neno *alama* likiachwa libebe dhana zote mbili, kila kampeni ya kuandikisha silaha itasambaza pamoja na namba zake imani isiyo na msingi. Likitenganishwa, mwenye gobore atajua kwa maneno machache kwamba serikali imemtambua, na kwamba haijamhakikishia.